Kabla hujaniletea ripoti nikutaipie

"Utangulizi, Kiini, Hitimisho" si kiunzi cha ripoti, yaani ule mpango unaouandaa kabla ya kuandika ripoti yenyewe. Nalisema mapema kwa sababu kila nikimuuliza mwanafunzi ripoti yake ameipangaje, hilo ndilo jibu ninalopewa, tena kwa kujiamini. Maneno hayo matatu yanafaa ripoti ya malaria, yanafaa ya Vita vya Majimaji, yanafaa hata ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mpangilio unaofaa kila ripoti duniani haujakusaidia kitu kwenye ripoti yako.

Mimi si mwalimu. Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga: kompyuta mbili, printa moja inayofanya kazi na nyingine inayojifanya inafanya kazi, mashine ya fotokopi na ya kubaindi kwa spairo. Shule zikikaribia kufunga, watoto wanajaa mlangoni na sare zao, madaftari yamekunjwa katikati, flashi za kuazima mkononi. "Dada, naomba unitaipie, mwalimu anaitaka kesho asubuhi." Nataipu, ndiyo kazi inayonilisha. Lakini ukitaipu ripoti za watu kwa muda mrefu, vidole vinaanza kujua ipi imepangwa na ipi imemwagwa tu. Iliyomwagwa, jambo la ukurasa wa pili unalikuta tena ukurasa wa tano kwa maneno mengine, halafu kwenye hitimisho linazuka jambo jipya kabisa ambalo halikutajwa popote. Mwenyewe ukimuuliza kwa nini liko pale, anakwambia, "Nilikuwa nimelisahau."

Sasa nieleze jinsi ninavyowafundisha wanaokubali kukaa kidogo, na nitatumia ripoti ya mtoto wa kaka yangu, maana hiyo niliiona tangu ikiwa haina kitu. Yuko kidato cha pili. Kwenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo bahati nzuri linafundishwa kwa Kiswahili, walipewa kuandika juu ya zao la mkonge mkoani Tanga, kurasa zisizozidi nane. Akaja na orodha yake tayari: utangulizi, maana ya mkonge, historia ya mkonge, umuhimu wa mkonge, changamoto za mkonge, hitimisho.

Nikamwambia, "Futa neno mkonge, weka korosho."

Akafuta, akaweka. Orodha haikutikisika. Akasema, "Shangazi, kwani ni vibaya?" Si vibaya, ila ripoti bado haijaanza. Na hiyo "maana ya mkonge" ndiyo ilinichekesha. Mwalimu wao anaishi Tanga. Akitoka hapa kwenda Korogwe anapita Muheza akiangalia mistari ya mkonge dirishani, leo unamfafanulia mkonge ni nini, kwa ukurasa mzima?

Wengi hawalijui jambo hili: kiunzi hakitangulii kusoma. Watu wanakaa na karatasi tupu wanabuni vichwa, kisha ndiyo wanakwenda kutafuta vitu vya kuvijaza. Hapo lazima vichwa viwe vya jumla, kwa kuwa hujui lolote bado. Soma kwanza, hata kidogo. Yeye alikuwa na daftari la somo, kitabu alichokisoma maktaba ya mkoa, na mzee jirani yetu aliyefanya kazi mashamba ya mkonge toka ujana wake. Nikamkatia karatasi zilizoharibika na printa, zile zenye upande mmoja mweupe, kila moja vipande vinne. Sharti moja: kila kipande jambo moja, sentensi moja au mbili, na pembeni aandike jambo hilo kalitoa wapi, ukurasa wa ngapi. Hiyo ya pembeni watoto wanaikwepa, halafu siku ya kuandika marejeo ndiyo wananiuliza mimi, "Dada, ile kitabu iliitwaje?"

Vipande vikajaa meza. Kimoja kilisema mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kingine: 1964 Tanganyika, ambayo mwaka huo huo ikawa Tanzania, ilizalisha tani 230,000 hivi na kuongoza duniani. Kingine: mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000. Kingine cha Azimio la Arusha, 1967, na serikali kuchukua mashamba mengi. Kimoja cha nailoni. Kimoja cha manamba, vibarua wa mashambani waliotoka mbali. Vingine vya korona, ile mashine inayokwangua majani na kutoa singa, yaani nyuzi. Na vingi, vingi mno, vya yule mzee.

Hapo ndipo swali linapotafutwa. Si swali la mwalimu, la mwalimu ni pana makusudi. Nikamwambia atazame vipande vyake na anitolee viwili vinavyogombana. Hakukawia. Akaweka tani 230,000 mkono wa kushoto na tani 20,000 mkono wa kulia, akanitazama. Basi. Kwa nini mkonge wa Tanga, uliokuwa ukiongoza dunia, ulianguka baada ya 1964? Tukaliandika juu ya karatasi safi, kwa kalamu nyekundu, na kuanzia hapo kila kipande kikawa kinaulizwa: wewe unasaidia kujibu hili, au umekuja kutembea?

Miche 62 ya Hindorf ilikuwa imekuja kutembea. Mtoto alikipenda kisa kile, na mimi nilikipenda, ila alikuwa amekiandikia kurasa mbili, melini na yote. Kurasa mbili kati ya nane, kwa jambo lililotokea miaka 71 kabla ya anguko lenyewe! Tukakibakisha kwa mistari mitatu.

Sasa jambo ninalolishikilia kuliko yote, na ambalo wateja wangu wanalibishia: kiunzi kiandikwe kwa sentensi, si kwa vichwa. "Changamoto" ni kichwa. Hakisemi kitu, na kwa kuwa hakisemi kitu, hakiwezi kuwa na kosa, ndiyo maana kinapendwa. "Soko la kamba lilianza kuyumba kabla ya Azimio la Arusha" ni sentensi. Hiyo mtu anaweza kuipinga, kwa hiyo lazima uiletee ushahidi, kwa hiyo unajua mara moja vipande gani vikae chini yake. Vichwa vifupi utavitoa baadaye kwenye hizo hizo sentensi, ni kazi ya dakika chache.

Nitatoa mfano wa faida yake. Mtoto alikuwa na jibu lake tangu mwanzo: mkonge ulikufa kwa sababu ya kutaifishwa. Vijiweni ndivyo inavyosemwa, na mzee mwenyewe alimwambia hivyo. Nikamwambia sawa, iandike kama sentensi, kisha panga vipande vyake kwa miaka. Akapanga. Kilele 1964. Bei ya singa inaanza kushuka baada ya hapo. Azimio, Februari 1967. Akakaa kimya akivitazama. Bei haikusubiri Azimio. Kamba za plastiki na nailoni zilikuwa zimeshaingia sokoni, na wanunuzi wakubwa wa mkonge wetu, wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia majani makavu ya mifugo kwa kamba ya katani, walikuwa na kitu kingine cha kufungia. Kutaifisha hakukutoka kwenye ripoti, ila kulihama nafasi. Hakukuwa tena jibu, kukawa sehemu ya jibu: zao lililokuwa tayari na shida ya bei likaingia mikono ambayo haikuwa na fedha za kulipanda upya.

Angekuwa na kichwa "Sababu za kuanguka" na vidoti vitano chini yake, asingeliona hilo kamwe. Vidoti havina mbele wala nyuma.

Na kupanda upya ni jambo zito kwenye mkonge, mtu asiyeujua anaweza kulipita. Mkonge unasubiri miaka kama mitatu hivi ndipo uanze kukatwa, unakatwa kwa miaka kadhaa, kisha unatoa mlingoti, lile shina refu la maua, unakufa. Kwa hiyo shamba lisilopandwa mwaka huu halionyeshi njaa mwaka huu. Mtoto alikuwa na kipande hiki, kakitupa pembeni kwenye "maana ya mkonge" pamoja na rangi ya majani. Kikatolewa huko kikapelekwa kwenye sentensi ya nne ya kiunzi, utakiona hapo chini, na ghafla kikaeleza kwa nini anguko lilichukua miaka mingi badala ya kutokea siku moja.

Kuhusu mzee. Nataka nikae hapa kidogo, maana kosa la kumtumia vibaya mtu aliyehojiwa nakutana nalo kwenye nusu ya ripoti zinazopita mezani kwangu. Mwanafunzi akimhoji mtu anampa sura yake: "Mahojiano na mzee fulani." Akisoma kitabu, kitabu nacho kinapewa sura yake. Ripoti inakuwa nyumba ya kupanga, kila chanzo na chumba chake, na hakuna anayemjua jirani yake. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na kurasa tatu za mzee: jinsi majani yanavyofika kwa troli juu ya reli ndogo za shambani, yanavyoingia korona yakiwa ya kijani na singa kutoka upande wa pili, maji yake yanavyowasha ngozi, singa zinavyoanikwa kwenye nyaya juani kisha kupelekwa kwenye mashine ya brashi. Na kipande: ile kadi ya kazi, ambayo hukulipwa mpaka ijae siku 30, hata kama kuzijaza kulikuchukua zaidi ya mwezi. Na watu waliotoka mbali, Kigoma, Njombe, Burundi, Msumbiji, wakaitwa manamba.

Mambo matamu yote. Lakini mahali pake si pamoja. Tukayakata. Troli na korona zikaenda sentensi ya kwanza, kwa sababu zinaonyesha kwa nini mkonge ulidai shamba kubwa na mtaji mkubwa: majani yakishakatwa hayatakiwi kukaa, na mashine ya kuyakwangua si ya mkulima wa ekari mbili. Kadi ya kipande na manamba zikaenda ya pili. Halafu katikati ya maelezo ya mzee kulikuwa na mstari ambao mtoto hakuutilia maanani, kwamba miaka ya baadaye mashine ikiharibika ilikaa, kipuri hakiji. Ule mstari mmoja ulikuwa na thamani kuliko kurasa tatu, ukaenda ya nne. Mzee akatokea mara tatu ndani ya ripoti, kila mara akisema kinachohitajika pale. Maji ya mkonge yanayowasha tukayaacha nje. Mtoto aliyasikitikia sana. Nilimwambia ayaweke kwa siku atakayoandika habari za maisha ya wafanyakazi, hapo yatakuwa ukurasa wa kwanza.

Kiunzi kilipokamilika kilikuwa hivi, nakinakili kutoka karatasi yake:

Swali: Kwa nini mkonge wa Tanga ulianguka baada ya 1964?

1. Mkonge uliingia kama zao la mashamba makubwa na ukabaki hivyo miaka mingi. (ukurasa 1)
1.1 Hindorf 1893, Kikogwe, miche 62. Mistari mitatu!
1.2 Korona, troli, mtaji

2. Mashamba yalitegemea vibarua wa mbali na wanunuzi wa mbali. (kurasa 2)
2.1 Manamba, kipande (mzee)
2.2 Kamba za kufungia majani ya mifugo, Ulaya na Marekani

3. Soko lilianza kuyumba kabla ya Azimio. (ukurasa 1 na nusu)
3.1 Kilele 1964
3.2 Nailoni na plastiki, bei

4. Baada ya 1967 mashamba hayakupandwa upya wala mitambo haikutengenezwa. (kurasa 2)
4.1 Serikali inachukua mashamba mengi
4.2 Umri wa mkonge, mlingoti
4.3 Vipuri (mzee)

5. Mkonge unaorudi leo unalimwa pia na wakulima wadogo. (ukurasa 1)

Mtu akizisoma zile sentensi tano peke yake, moja baada ya nyingine, anapata hadithi nzima. Nikipewa kiunzi nakisoma hivyo hivyo: naruka namba ndogo, nasoma sentensi kubwa tu kwa sauti. Ikikwama mahali, pale ndipo ripoti itakapokwama.

Zile kurasa kwenye mabano zisikuache. Mwalimu akisema nane, gawa nane kabla hujaandika neno. Jumla hapo ni saba na nusu, nusu iliyobaki ni ya kufungua na kufunga. Usipogawa, utafanya wanachofanya wengi: sura ya kwanza inakula nusu ya ripoti kwa sababu uliiandika ukiwa na nguvu, na ile iliyo muhimu inapata aya mbili za usiku wa manane.

Utangulizi na hitimisho unaona havina namba. Utangulizi uandikwe mwisho, ukishajua unamtangulizia msomaji nini. Namba nazo zisizidi ngazi mbili kwa ripoti ya kurasa nane. Nimewahi kutaipu 2.3.1.4 ya mwanafunzi wa sekondari, na chini yake kulikuwa na sentensi moja. Na ukijikuta una 3.1 lakini huna 3.2, basi huna haja ya 3.1, iunganishe na mama yake.

Kuna wanaoniletea siku hizi viunzi vilivyotoka kwenye simu, vya akili mnemba. Siwafukuzi. Ila huwa navijua: vina vichwa vizuri, vimelingana urefu kama meno ya kitana, na ukibadilisha mkonge kuwa korosho vinaendelea kusimama. Simu haikuongea na mzee wa jirani yako wala haijui mwalimu wenu amesisitiza nini darasani. Kama lazima uitumie, itumie mwishoni: ipe sentensi zako tano, iulize ipi haina ushahidi. Kazi ya kuchagua vipande viwili vinavyogombana ifanye mwenyewe, dakika kumi hazikumalizi.

Kwa upande wangu wa kompyuta nina ombi moja. Ukija na kiunzi, vichwa vyako nitavipa mitindo ya vichwa ndani ya Word, kichwa kikubwa ngazi ya kwanza, kidogo ngazi ya pili, na orodha ya yaliyomo itajitengeneza yenyewe na namba za kurasa. Ukiongeza aya, nabonyeza, namba zinajirekebisha. Usipokuja nacho nabaki nahesabu kurasa kwa kidole, wewe umesimama nyuma yangu unasema "dada fanya haraka", na foleni inafika kwa muuza mihogo.

Kiunzi chenyewe sikutozi kukitaipu, ni ukurasa mmoja. Jumamosi baada ya saa nane mchana huwa hakuna watu wengi. Njoo na vipande vyako, mkasi na karatasi chafu ninazo.